Bi Kahaso Tsofa na Wazazi Kumi wa Kisauni

Wachungaji wetu, masheikh na majirani mliotoka msikitini mkaja kukaa nasi, wauguzi wa zamani na wa sasa, jamaa ya marehemu inawasalimu nyote, na inaomba mwisikilize kwa subira habari ya Bi Kahaso Tsofa, maana karatasi hii mwenyewe aliisoma mwezi wa Desemba, akaikosoa kwa kalamu nyekundu mahali kumi na saba, akalifuta neno “shujaa” kila alipolikuta, na yaliyobaki ndiyo aliyoyakubali kuwa ni kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Mei 1933 huko Rabai, mtoto wa tatu wa Mzee Tsofa Chengo, seremala, na Mama Kache, na alipotimiza miaka minne baba yake alipata kazi ya kutengeneza madawati ya skuli ya misheni hapa Kisauni, jamaa nzima ikahamia huku, na huku ndiko kukawa kwao. Alisoma katika skuli hiyo hiyo tangu mwaka 1941 hadi 1948, akikalia madawati ya babake, ambayo alikuwa akisema yalikuwa magumu kuliko hesabu, kisha akaenda skuli ya bweni ya wasichana kwa miaka minne, na Januari 1953 akapanda gari la moshi kwenda Nairobi kusomea uuguzi. Alirudi Desemba 1956 akiwa muuguzi aliyesajiliwa, na wakati ule wasichana wa Pwani wenye cheti hicho walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Alifanya kazi miaka miwili katika wodi ya wanawake ya hospitali moja mjini Mombasa, na huko ndiko alikoona wazazi wakiletwa kutoka Kisauni, Junda na Likoni wakiwa wamechelewa, wengine uchungu ukiwa umewashika siku mbili, akasema moyoni kwamba kungoja kitandani hakutoshi, yapasa mtu awafuate majumbani mwao. Basi Januari 1959, akiwa na miaka ishirini na mitano na cheo chake wodini, aliomba kurudi darasani mwaka mmoja asomee ukunga, akavaa tena aproni ya wanafunzi, na walio chini yake jana wakawa ndio wanaomtuma maji ya moto.

Sharti la skuli ya wakunga lilikuwa moja lisilopindwa, kwamba kila mwanafunzi azalishe wazazi kumi majumbani kwa mikono yake mwenyewe, awaandike mmoja mmoja katika daftari, na daftari lifike kwa sista mkufunzi kabla ya saa sita mchana Jumatatu tarehe 30 Novemba 1959, na asiyetimiza kumi hafanyi mtihani, anarudi wodini kama alivyokuja. Marehemu alipewa Kisauni na Kongowea, akawa anavuka daraja la Nyali kwa miguu na mkoba wake mweusi, na kufikia mwisho wa Septemba alikuwa na wazazi wanne.

Jumamosi tarehe 3 Oktoba aliitwa Kongowea nyumbani kwa Bwana Faraj, mwenye duka, ambaye mkewe Mwanamkasi alikuwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, na ndani alimkuta Bi Mwanasaumu binti Hamdun, mkunga wa jadi ambaye nusu ya Kisauni ilipita mikononi mwake. Uchungu ulipokawia, wanawake walifanya kama walivyofanya mama zao, wakafungua kila kilichofungwa nyumbani ili na mzazi afunguke, masanduku, madirisha, makabati, mafundo ya leso, hata nywele za mzazi zilizosukwa wakazifumua, na katika nyumba yote hiyo kitu kimoja tu kikabaki kimefungwa, nacho ni mkoba wa Bi Kahaso, kwa kuwa sheria ya skuli ilisema mkoba wenye dawa utiwe kufuli kila utolewapo kitu, na ufunguo uning'inie shingoni mwa muuguzi.

Shangazi wa mzazi aliuona ufunguo ule, akaomba kwa adabu kwamba mkoba nao ufunguliwe, na hapa, ndugu zangu, marehemu alikosea, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka isomwe kwamba alikosea, maana alicheka. Alicheka mbele ya mzazi mwenye uchungu na mbele ya watu wazima, akasema mtoto hajui kufuli, akabofya kufuli lake mara ya pili kuonyesha kwamba anayajua mambo, na shangazi akauinua ule mkoba kwa mikono miwili, akaupeleka uani, na mwenye mkoba akaufuata. Haikupita nusu saa mtoto akalia, mtoto wa kiume, kama aliyekuwa akimngoja mgeni atoke, akapokewa na Bi Mwanasaumu, na kufikia alasiri Kisauni yote ilikuwa imepata habari za muuguzi wa kufuli.

Siku zote za Oktoba zilizobaki hakuitwa na mtu. Alipita kwenye barabara za mchanga akisalimu, akajibiwa vizuri, akakaribishwa chai na mahamri, na mwenye mimba akaingizwa chumba cha ndani mpaka aondoke. Mwenzake darasani, Mahfoudha, aliyekuwa na wazazi wake kumi tayari na roho nyepesi, alimwambia amwandike yule mtoto wa Bwana Faraj kuwa wake, kwani alikaa na mzazi kwa muda wa saa sita, “na uani si ndani ya nyumba hiyo hiyo?” Marehemu alikiri kwamba wazo lile alilala nalo usiku mbili, na siku ya tatu akaandika hivi katika daftari: “Aliyezalisha ni Bi Mwanasaumu binti Hamdun, mkunga wa Kisauni. Mtoto na mama ni wazima. Mimi nilikuwa uani.”

Wajibu wa kumwangalia mzazi baada ya kujifungua ulikuwa palepale, basi kila baada ya siku chache alirudi kwa Mwanamkasi kupima joto na kutazama kitovu, na mwisho wa Oktoba Bwana Faraj, mtu wa kutia shaka kila karatasi, alitaka kujua ni nini kilichoandikwa juu ya mwanawe katika kitabu cha serikali, akapewa daftari, akalisoma kwa sauti pale mlangoni, ndani Bi Mwanasaumu akimwosha mtoto. Mkono wa yule mama ulisimama majini, akamwambia Faraj asome tena, akasoma, akamwambia asome mara ya tatu pale penye jina, kisha akasema, “Miaka arubaini napokea wana wa watu, na hapana alotia jina langu katika karatasi.” Akamfunga mtoto nguo, akamgeukia marehemu, akamwashiria asogee, akamwambia, “Nawe, mwanangu, ndoo ukae hapa, utuonyeshe vilo ndani ya mkoba huo.”

Marehemu aliomba radhi kwanza, kwa Mwanamkasi, kwa shangazi, kwa Bi Mwanasaumu, kila mmoja kwa jina lake, kisha akavitandaza vyote mkekani, mikasi, nyuzi, spiriti, pamba, na kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ambacho kilizunguka chumba kizima, kwani jirani mmoja alikuwa na mimba ya miezi minane na kila mtu alitaka kusikiliza. Tangu siku ile aliitwa pamoja na Bi Mwanasaumu, mmoja akikanda mgongo na kusoma dua, mwingine akipima na kusikiliza, na kufikia Ijumaa tarehe 27 Novemba alikuwa amezalisha tisa. Akabakiwa na siku tatu, na mimba zote za Kisauni alizozijua zilikuwa hazijafikia siku zake.

Jumapili tarehe 29, kengele ya kanisa ikilia, alikuja mtu mbio kumwita nyumbani kwa Bi Mwanasaumu mwenyewe, ambako binti yake wa mwisho, Waridi, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, na wajukuu wote wa nyumba ile, kumi na mmoja, walikuwa wamepokewa na bibi yao. Bi Mwanasaumu alikuwa ameshauliza kwa Mahfoudha sheria inasemaje, akaambiwa kwamba mkono wa mtu mwingine ukimgusa mtoto, hahesabiwi. Akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda, akaitia mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, akasema, “Kazi ni yako.”

Kichwa kilipotoka, kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, na mtoto amebadilika rangi, na wote waliokuwamo wanasema Bi Mwanasaumu aliinuka nusu, machozi yakamtoka, kisha akaketi tena juu ya mikono yake, akawa anataja jina la Mungu tu. Marehemu aliupitisha ule uzi wa uhai juu ya kichwa taratibu, akampokea, akamsafisha kinywa, na saa nne na robo asubuhi mtoto wa kike akalia, na bibi yake akawa wa mwisho kumshika. Walimwita Nadhira. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, daftari lilikuwa mezani kwa sista mkufunzi.

Marehemu alifaulu mtihani, akapewa zahanati ya wazazi ya Kisauni Februari 1960, na baadaye Likoni na Changamwe. Aliolewa Jumamosi tarehe 5 Agosti 1961 na Bwana Ishaka Tsuma, karani wa reli, aliyetutangulia mwaka 2001, wakajaliwa watoto wawili, Kache mwaka 1962 na Tsofa tarehe 14 Desemba 1963, wote wawili wakipokewa na Bi Mwanasaumu. Siku ya Uhuru, mimba ikiwa imemlemea, alizalisha watoto watatu, na wazazi wote watatu wakataka jina la Uhuru, akawasihi wapatane wasimchafulie daftari. Alistaafu mwaka 1988, akawa akifundisha wakunga vijana barazani kwake, na wenye kucheka wazee aliwafukuza.

Kisukari kilimwanza mwaka 2004, miguu ikamsumbua mwaka jana, na Jumanne tarehe 9 Februari 2010, saa moja asubuhi, baada ya chai yake, alilala kitandani kwake Kisauni, hakuamka. Alikuwa na miaka sabini na sita, na hakuwa na kinyongo na mtu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani waliotupikia na kutubebea viti, wenzake wa kazi waliomwosha kwa heshima. Shukrani ya mwisho aliiandika marehemu mwenyewe kwa kalamu yake nyekundu, akaagiza iwe ya mwisho ili mkiondoka hapa muondoke nayo, kwa sababu mwaka 1968, mwenziwe alipozikwa, hapakuwa na karatasi iliyosomwa: asante, Bi Mwanasaumu binti Hamdun, mkunga wa Kisauni. Pumzikeni kwa amani, nyote wawili.