Jibu au Sababu: Maisha ya Mama Mabano

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa, wafanyakazi wenzake, na nyinyi wageni mliosafiri siku nzima kuja kumsindikiza mtu ambaye wengi wenu mlikuwa mkiyajua maandishi yake tu na hamjawahi kumwona sura, familia imemteua kaka yake mkubwa, seremala, awasomee maisha ya mdogo wake, naye anaomba radhi mapema, kwa kuwa mambo ya kompyuta humu ndani ameandikiwa na mpwa wake, hivyo akijikwaa kwenye neno mjue kosa ni la msomaji.

Marehemu alikuwa mtoto wa nne kati ya sita, na alizaliwa Jumatatu tarehe 1 Machi 1976, saa kumi na mbili asubuhi, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya soko, lakini kadi yake ya kliniki inasema alizaliwa tarehe 30 Februari, siku ambayo haijawahi kuwapo tangu dunia iumbwe, kwa sababu karani alipofika kazini asubuhi hiyo alizungusha gurudumu la tarehe kwenye muhuri, kutoka 29 kwenda 30, akasahau gurudumu la mwezi, akagonga. Mwaka 1983 mwalimu mkuu alipoiona kadi hiyo alicheka mpaka akavua miwani, akaandika 28 Februari, na mwaka 1994 karani wa ofisi ya vitambulisho akahesabu kwa vidole, akasahau kwamba mwaka ule Februari ilikuwa na siku ishirini na tisa, akaandika 2 Machi, na kati yao wote hakuna hata mmoja aliyemuuliza mama, ambaye alikuwapo. Marehemu alikuwa akisema kwamba kosa la karani wa kwanza alilisamehe zamani, ila hawa wawili waliomsahihisha kimyakimya bila kumwambia chochote, hao walimkera hasa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1983 hadi Novemba 1989, kisha sekondari kuanzia 1990 hadi 1995, akajiunga na chuo kikuu Septemba 1996 na kuhitimu shahada ya hisabati tarehe 20 Novemba 1999, na katika miaka yote hiyo ripoti zake zilirudi nyumbani na maneno yaleyale chini ya ukurasa, kwamba ni hodari lakini anauliza mno, jambo ambalo baba alilisoma kwa sauti kila muhula kana kwamba ni tuzo.

Jumatatu tarehe 3 Januari 2000 aliajiriwa kuwa karani wa takwimu katika hospitali ya mji, chumba namba sita, chumba chenye dirisha moja dogo, mafaili yaliyopanda mpaka dari, na feni iliyofungwa mguu kwa waya, na humo ndani, kwa kitabu cha kuazima, akajifunza lugha moja ya kompyuta yenye mabano mengi, ya kufungua na ya kufunga, hata wenzake wakaanza kumwita Mabano, na alipopata watoto akawa Mama Mabano, jina ambalo ndilo mnalomjua nalo. Aliipenda lugha hiyo kwa sababu programu zake hujengwa kwa vitendaji, yaani vipande vidogo vya kazi ambavyo ukikipa kimoja kitu kilekile kitakurudishia jibu lilelile, leo, kesho na mtondo, bila kuvuruga kitu kingine pembeni, na kaka mtu anakiri kwamba alipoelezwa hivyo alisema laiti mafundi wangekuwa hivyo.

Hapa familia inaomba kusahihisha mambo mawili yaliyozungumzwa mtaani kwa miaka mingi. La kwanza, marehemu aliposema anaandika kodi, alikuwa na maana ya maagizo ambayo watu wa kompyuta huiandikia mashine, hakuwa mtu wa mapato hata siku moja, na jirani yetu mwenye nyumba za kupanga, aliyekuwa akimwamkia kwa adabu isiyo ya kawaida, sasa anaweza kupumua. La pili, aliposema ana maktaba, alikuwa na maana ya mkusanyiko wa vitendaji ambavyo wengine huvichukua na kuvitumia katika programu zao, tena bure, na baba yetu, Mungu amrehemu, alifariki akiamini bintiye ana nyumba ya vitabu mahali fulani, akawa anauliza mbona hamletei hata gazeti la jana.

Tarehe 12 Julai 2003 alifunga ndoa na mumewe, fundi mabomba, ambaye walikutana siku bomba lilipopasuka juu ya dari la chumba namba sita, yeye akiwa amelalia kompyuta kwa kifua ili isilowe na fundi akimwambia, dada, ondoka hapo utapigwa na umeme, naye akimjibu kwamba fundi afunge maji kwanza halafu ndipo amfundishe, na kwa kweli hiyo ndiyo namna waliyozungumza kwa miaka ishirini na moja, nao walijaliwa watoto wawili wa kike, kifungua mimba aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 2004, na kitinda mimba aliyezaliwa tarehe 25 Mei 2008.

Maktaba yake aliianza mwaka 2006, na kazi yake ni tarehe tu, kuzihesabu, kuziongeza na kuzipunguza, kazi ambayo ukiisikia unaiona ndogo mpaka uambiwe jumlisha miezi miwili kwenye tarehe 31 Desemba. Programu nyingine zote zilibahatisha jibu, lakini ya kwake ilikataa kubahatisha, ikawa ama inakupa jibu, ama inakupa sababu ya kukosa jibu, kwa lugha ya mtu na mwenzake, kwamba Februari haina siku hiyo, tafadhali chagua nyingine, na utaratibu huo wa jibu au sababu ulipendwa, kliniki za chanjo zikauchukua, shule zikauchukua, na watu wakajikusanya kwenye jukwaa la mtandaoni kuulizana na kusaidiana. Swali lile la Februari limeulizwa pale mara mia sita na kitu, mpwa amehesabu, na marehemu alilijibu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, na mgeni aliyeanza kwa kusema samahani kwa swali la kijinga alijibiwa kwanza kwamba samahani yake imerudishwa kwa mwenyewe, haikuhitajika.

Sasa familia imeamua kulisema na hili, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe bila kupakwa rangi. Palikuwa na kijana mmoja jukwaani, mwepesi wa kuandika, waliyemwita Haraka, naye Ijumaa tarehe 17 Desemba 2010 alileta rekebisho la maktaba, na marehemu akalipokea na kulitoa kwa watumiaji bila kulisoma mpaka mwisho, na ndani yake mlikuwa na mstari mmoja ambao, ukipewa tarehe isiyokuwapo, ulisogea mbele kimyakimya hadi mwezi unaofuata, kwa idadi ya siku zilizozidi. Kwa hiyo akina mama waliopeleka watoto chanjo tarehe 31 Desemba katika kliniki moja wakaandikiwa kurudi baada ya miezi miwili, yaani Alhamisi tarehe 3 Machi 2011, ilhali kliniki ile ilifunguliwa Jumatatu na Ijumaa tu, wakafika akina mama ishirini na sita, watoto mgongoni, mvua inanyesha, mlango umefungwa. Kesho yake marehemu aliomba ruhusa kazini, akaenda akasimama mlangoni pale na kumwomba radhi kila mama aliyerudi, mmoja mmoja, na mmoja wao akamwambia, wewe dada, radhi yako nimeipokea, lakini mtoto kalowa jana.

Aliporudi nyumbani alimfungia Haraka mlango wa maktaba na kumwandikia neno moja, Hapana. Haraka aliuliza kosa lake ni lipi, akauliza tena baada ya wiki, akauliza mara ya tatu kwa upole, hakujibiwa, akaondoka jukwaani. Na tangu siku ile ufunguo wa maktaba, yaani neno la siri linalomruhusu mtu kutoa toleo jipya, marehemu hakumpa mtu mwingine, akawa anajibu maswali ya wageni kwa moyo mkunjufu uleule, lakini rekebisho la mtu hakulipokea mpaka aliandike upya kwa mkono wake, foleni ikaongezeka, mpaka yakafika marekebisho mia mbili na kumi na mawili yakimsubiri mtu mmoja, na mumewe akimwambia kwamba hata bomba kuu la mji lina watu zaidi ya mmoja wanaojua kulifunga, alimwambia abaki na mabomba yake.

Tarehe 18 Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa, akapata nafuu, lakini Novemba 2024 ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na hapo ndipo wote tulipolielewa jambo lililokuwa likimnyima raha kuliko maumivu, kwamba programu za kliniki chungu nzima zimeegemea maktaba ile, na yeye akiondoka na ufunguo, siku likitokea kosa hapatakuwa na wa kulirekebisha. Alijaribu kuimaliza foleni akiwa kitandani, kompyuta juu ya mto, akamaliza manane kwa wiki, kisha matatu, kisha moja, na kaka yake aliyekwenda kumwona alimkuta analia, akamuuliza anaumwa wapi, akajibiwa, kaka, siumwi, nimechelewa.

Mwezi Januari mwaka huu kifungua mimba alikuwa akimsomea mama yake foleni hiyo, ndipo alipoyakuta maandishi ya mwaka 2011, akauliza, mama, huyu kakuuliza mara tatu, mbona hukumpa sababu? Marehemu aligeukia ukutani. Jumatano tarehe 22 Januari 2025 alimwita bintiye aandike, na barua hiyo ikawekwa jukwaani mbele ya watu wote, nayo inasema hivi, kwamba Haraka alileta rekebisho lenye kosa, kama sote tunavyoleta, na kazi ya kulisoma ilikuwa ya mwenye ufunguo, naye hakulisoma kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na alitaka kwenda nyumbani, kisha badala ya kuliungama hilo akamtwika kijana wa watu mzigo wote, na mwishoni akaandika, mwanangu, sababu ilikuwa mimi.

Haraka kwa wakati huo alikuwa amekwisha kuiacha kazi ya programu miaka mingi, anatengeneza simu katika kibanda chake, na barua aliipata kwa mtu, akamjibu baada ya siku sita kwamba, shikamoo mama, barua nimeisoma mbele ya mke wangu, tumelia wote, nami ufunguo siutaki peke yangu, ila nipe foleni. Kwa ushauri wake ufunguo ulikabidhiwa watu watatu, yeye mwenyewe, muuguzi mmoja wa takwimu anayezijua kliniki, na mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa na marekebisho tisa kwenye foleni tangu akiwa sekondari, na wakakubaliana kwamba hakuna toleo litakalotoka mpaka wawili kati yao wawe wamelisoma neno kwa neno.

Jumatatu tarehe 7 Aprili 2025 maktaba ilitoa toleo la kwanza ambalo marehemu hakuligusa. Alilisoma lote kitandani kwa saa tatu, tukingoja kusikia atasema nini, akasema mstari wa arobaini una nafasi mbili zilizozidi, tukafikiri sasa atalifungua kulirekebisha, lakini alifunga kompyuta, akampa mumewe, akaomba chai ya moto yenye sukari ya kutosha, akanywa kikombe kizima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka uanze. Baada ya hapo alikuwa na wiki tano, nazo alizitumia kuongea na watoto wake, kumtania mumewe, na kulala usingizi wa mchana, na familia inamshukuru Mungu kwa wiki hizo.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa nne asubuhi, hospitalini, akiwa na mumewe na mabinti zake wote wawili, na ameacha mama mzazi, mume, watoto wawili na ndugu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, ambao walimvumilia akiwauliza sababu ya kila kidonge, majirani waliotuletea maji na viti tangu Jumatano, wafanyakazi wenzake wa chumba namba sita, na watu wa jukwaa, hasa Haraka, aliyekaa mstari wa nyuma pale, ambaye amekuja kumwona mama huyu kwa mara ya kwanza leo.

Na mpwa ameomba liongezwe hili. Juzi Alhamisi, sisi tukiwa bado tunapigiana simu kupeana habari, mgeni mmoja aliingia jukwaani asijue lililotokea, akaandika, Mama Mabano, samahani kwa swali la kijinga, nikijumlisha mwezi mmoja kwenye tarehe 31 Januari napata nini, na kabla ya saa moja kupita walikuwa wamemjibu watu kumi na mmoja, kila mmoja kwa maneno yake, kila mmoja na sababu yake, na aliyetangulia alikuwa Haraka, ambaye mpwa anasema alimwandikia kurasa mbili, na wala hakumwambia mgeni yule kwamba kuna msiba mpaka alipohakikisha ameelewa.

Haya, mdogo wetu, lala usingizi wako bila wasiwasi, kazi ina watu.