Mutoto Niliyemuazima Kibumba

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Nawaamkia wote: wazee wa kanisa, mama zetu, ndugu wenye wametoka mutaa wa Mapendo, na wenye wameshuka leo asubuhi kutoka Kibumba. Jina langu ni Zakaria. Hapa wengi mumezoea kuniita Papa Petro, baba ya Petro. Miaka mitatu iliyopita nilisimama mahali hapa hapa, nikashuhudia namna Mungu alivyonitoa katika mashitaki ya uwongo. Muliimba sana siku ile. Mama mumoja alinipa kuku.

Ndugu zangu, ushuhuda ule ndio ulikuwa uwongo. Mashitaki yalikuwa ya kweli. Leo nimekuja kuuvunja mbele yenu, na haya inanishika. Munivumilie. Nitasema yote.

Nilikuwa kapita katika magazini, gala ya kahawa, kule chini Goma, karibu na ziwa. Nilisimamia watu wa kuchagua kahawa, na waliniogopa. Tuliishi katika kambi ya kampani, mimi na bibi yangu Mariamu na watoto wetu watatu: Petro, Yosefina, na Elia mwenye alikuwa angali mugongoni. Munajua desturi ya kampani. Kila Jumamosi mutumishi anapata poso yake: unga, maharagi, mafuta ya mawese, chumvi, samaki makavu. Bibi yake anapata, na kila mutoto anapata. Mwisho wa mwezi inakuja tena alokasio, feza ya kusaidia kulea watoto. Lakini sharti watoto waandikwe katika buku la biro, ofisi ya kampani. Ni neema kubwa. Baba zetu hawakuiona.

Sasa mwaka mumoja biro ilibadilisha mabuku. Karani wa wakati ule alitaka karatasi mbili, ya teritware, ni kusema ya serikali, na ya ubatizo. Binti yetu alipozaliwa, mama yake alimuita Nyiransaba, kwa sababu tulimuomba kwa Mungu muda murefu. Katika ubatizo akapewa jina Yosefina. Karani akaona majina mawili, akaandika watoto wawili. Jumamosi iliyofuata, mwenye kugawa poso akaita kwa sauti: "Zakaria! Bibi mumoja, watoto wanne!" Nilifungua kinywa nimukosoe. Halafu nikaona unga wa mutoto wa nne unamiminwa katika mufuko wangu. Nikafunga kinywa.

Siku ile kosa lilikuwa la karani. Lakini Jumamosi ya pili lilikuwa langu, na ya tatu, na zote zilizofuata. Mariamu aliponiuliza, nilimujibu kwamba kampani imeongeza. Majirani wa kambi walijua nina watoto watatu. Walinyamaza, maana mimi ni kapita wao. Na nyinyi wengine hapa mulijua. Nilipoona munanitazama, nilisema mutoto wa nne anakaa kwa nyanya yake Kibumba. Ndugu zangu, nilisema vile huku nimeshika Biblia mukononi!

Karani yule akahamishwa Bukavu. Akaja mwingine, Anselme, kijana wa milima ya Masisi, mupole, mwenye shati moja jeupe ambalo alilifua kila jioni ili alivae kesho. Anselme alisoma buku, akaona. Hakukimbilia kwa muzungu, mukubwa wa kampani. Aliningoja nje ya magazini, akanivuta pembeni kwa heshima.

"Papa Petro, kuna kosa katika buku," akasema. "Yosefina na Nyiransaba wameandikwa siku moja ya kuzaliwa. Sijasikia kama ulizaa mapacha. Nani alikosa, mimi sijui. Uende mwenyewe kwa muzungu, umuambie. Watakata feza yako kidogo kidogo mpaka deni liishe. Sitaki mimi nitangulie kusema."

Munaona? Mulango ulikuwa wazi. Kijana ambaye ningeweza kumuzaa alinifungulia mulango, na mimi nikapiga kelele ili watu wasikie.

"Unaniita mwizi? Mimi muzee wa kanisa? Unataka ukapita wangu umupe ndugu yako!"

Aliinamisha kichwa, akaenda. Ilipofika mwisho wa mwezi, alilazimika kusema. Muzungu akaniita biro. Akanena kwamba nimeiba poso na alokasio ya kampani kwa mutoto ambaye hayuko, na kwamba wizi huo utanipeleka gereza. Nilipaswa kusema neno moja tu: kweli. Badala yake nikasema, "Mutoto yuko. Ni mapacha. Mumoja analelewa kwa nyanya yake." Akanijibu: "Siku ya Jumamosi ulete bibi yako na watoto wote wanne hapa mbele ya mulango. Nitawahesabu mwenyewe."

Kesho yake nikapanda camion, lori ya mboga, mpaka Kibumba. Kule kuna mujane wa ndugu yangu Danieli. Danieli alikufa kwa homa, akaacha bibi na binti mumoja, Rakeli, wa umri sawa na Yosefina wangu. Nilimuambia shemeji yangu, "Nipe Rakeli siku mbili, acheze na wenzake, aone ziwa." Shemeji alifurahi. Alimuosha mutoto, akamupaka mafuta, akamupa viazi vya njiani. Alinishukuru! Alisema tangu kifo cha Danieli hakuna mutu aliyemukumbuka mutoto huyu.

Tulishuka kwa miguu. Rakeli alikuwa anaruka juu ya mawe meusi na kuimba. Tulipofika nusu ya njia nikamukalisha.

"Jina lako nani?"

"Rakeli."

"Hapana. Huko mujini jina lako ni Nyiransaba. Sema."

"Nyiransaba."

"Na baba yako ni nani?"

"Baba alikufa."

"Hapana," nikasema. "Baba yako ni mimi."

Ndugu zangu, alinitazama. Nilifikiri atalia. Alicheka, alicheka kwa furaha, akauliza, "Kweli?" Nikasema kweli. Akashika mukono wangu, na hakuuacha mpaka Goma.

Mariamu alipomuona mutoto mulangoni, alifahamu yote. Bibi yangu hapendi maneno mengi. Alisema hivi tu: "Umemunyanganya mutoto wetu jina lake. Umemunyanganya mutoto wa ndugu yako baba yake. Kwa sababu ya unga." Nikamuamuru anyamaze. Jumamosi akanifuata biro huku anatazama chini.

Muzungu alitupanga mustari. Hakujua Kiswahili kizuri, basi mwenye kugeuza maneno alikuwa Anselme mwenyewe. Alifika mbele ya Rakeli, akachuchumaa, akamuuliza polepole:

"Mutoto, baba yako ni nani?"

Rakeli akanionyesha kwa kidole. "Ni huyu."

"Ni huyu kweli?"

"Ni huyu. Aliniambia."

Anselme aliinua macho kwangu. Alilisikia lile neno la mutoto, "aliniambia". Alilipeleka kwa muzungu vile vile, lakini muzungu hakulijali. Alikwisha kuhesabu vichwa vinne, na mapacha si lazima wafanane. Akafunga buku. Akamugeukia Anselme, akamukemea mbele yetu sote kwa kuchafua jina la kapita. Kabla ya mwezi kuisha, Anselme alifukuzwa kazi. Nilimuona akitoka na kifurushi chake na bibi yake mwenye mimba. Nilijificha nyuma ya magunia ya kahawa.

Rakeli nilimurudisha kwa mama yake bila kumueleza kitu, na Jumapili iliyofuata nikaja hapa! Nikasema Bwana amewaaibisha adui zangu. Mukasema Amina. Ee Mungu wangu, nilimuita Anselme adui, na mukasema Amina.

Tulipokea ile poso miezi mingi. Mariamu alipika, lakini ya mutoto wa nne aliitenga katika kikapu, hakuigusa. Ilipooza aliitupa kwa kuku. Mimi niliomba maombi marefu kanisani, na nyumbani sikuweza kuomba hata kidogo. Nikipiga magoti, maneno yanakauka. Nikikutana na mutu mwenye shati jeupe barabarani, ninageuza njia.

Halafu, siku moja ya mvua, mchana, shemeji yangu akafika. Alitembea kutoka Kibumba kwa miguu. Nilimuambia aingie, akakataa. Nilimupa kiti, akakataa. Alisimama kwenye mawe ya kiwanja, maji yanamutiririka.

"Shemeji," akasema, "Jumapili mama wa kanisa walileta blangeti kwa watoto wenye hawana baba. Waliita majina. Waliita Rakeli. Rakeli akakataa kusimama. Nilimusukuma, akasema mbele ya watu wote, 'Mimi nina baba, yuko Goma, muzungu alimuandika.' Blangeti ikapewa mutoto mwingine. Watu wakanitazama mimi. Unajua walifikiri nini juu yangu?"

Nikasogeza tena kile kiti karibu naye.

"Ulisimama kwenye kaburi la Danieli," akasema. "Ulitupa udongo. Sikuja kugombana na wewe. Uje umuambie mutoto kwa kinywa chako mwenyewe, maana mimi hanisadiki tena. Kila jioni anakungoja njiani."

Akageuka, akarudi katika mvua. Mariamu alimukimbilia na kitambaa cha kujifunika.

Mimi nikaenda nyuma ya jiko, nikaanguka chini. Na pale, ndugu zangu, moyo wangu ukaulizwa swali. Sikusikia sauti kwa masikio, lakini niliulizwa: "Zakaria, na wewe ni mutoto wa nani?" Nilitaka kusema, wa Bwana. Neno likakataa kutoka. Nikaona kwamba nimeandikwa katika kanisa kama mutoto ambaye hayuko! Hapo nililia. Nilisema, "Yesu, mimi ni mwizi. Nimeiba unga, nimeiba jina, nimeiba kazi ya mutu. Kama unanitaka, nitwae hivi hivi." Na ule mzigo, ninawaambia kweli, ulianza kulegea. Haukuanguka siku ile. Ulianza kulegea.

Kesho yake nikapanda Kibumba. Rakeli alinikimbilia, akaniita baba. Nilimushika mukono, tukaenda na mama yake mpaka kaburini. Nikamuambia, "Baba yako ni Danieli. Analala hapa. Mimi ni baba mukubwa wako, na nilikudanganya ili nisifungwe." Aliuondoa mukono wake polepole. Akaenda kusimama nyuma ya mama yake. Gereza lilikuja baadaye, lakini adhabu yangu niliipata pale.

Kisha nikamutafuta Anselme. Alikuwa analima shamba la watu njia ya Masisi, na mutoto wake alikwisha kuzaliwa. Nilipiga magoti mbele yake katika mitaro ya viazi. Alichomeka jembe lake katika udongo.

"Inuka, Papa Petro," akasema. "Nimekusamehe. Lakini bibi yangu alizaa bila hata kitambaa cha kumufunika mutoto. Usimuamkie bado."

Tulikwenda biro pamoja. Nilisema kweli yote, naye akageuza maneno yangu neno kwa neno, hakuongeza, hakupunguza. Muzungu alikasirika kuliko ambavyo ningeweza kuwaambia. Nilitolewa katika ukapita na katika kambi. Nilifungwa. Muliniona nikipasua mawe ya barabara, na wengine wenu muligeuza uso. Siwalaumu, nilifanya vile kwa Anselme. Yeye hakurudishiwa nafasi yake, maana alikwisha kuwekwa mwingine. Alipewa karatasi ya kusema hakukosa, na kwa karatasi ile alipata kazi kwa mufanyabiashara mumoja. Ninashukuru Mungu. Lakini mwaka wake wa jembe sina namna ya kuurudisha.

Na mimi, ndugu zangu, katika mawe yale nilipona! Ninasema mbele za Bwana. Nilikuwa na njaa, mugongo unauma, lakini niliomba na maneno yalitoka. Leo tunalima kashamba kadogo, na kila mwezi ninapeleka biro kile ninachoweza. Mariamu anakula na mimi sahani moja. Rakeli bado ananiamkia kwa mbali. Simulazimishi.

Namushukuru Bwana Yesu, mwenye hakungoja niwe safi. Nawaomba nyinyi pia musamaha, kwa Amina ile niliyowaibia.

Na sasa neno la mwisho. Labda katika mabenchi haya kuna mutu mwenye amefunga kinywa siku moja, na leo hawezi kukifungua. Mutumainie Yesu! Hatakukataa. Lakini usije tu hapa mbele kulia na kurudi nyumbani. Uende kwa mutu uliyemuumiza, leo, kabla ya kula. Najua miguu itakuwa mizito. Ibada ikiisha mimi nitakaa pale nje, kwenye mawe, karibu na njia. Ukiogopa kwenda peke yako, unishike bega tu, usiseme kitu. Nitatembea na wewe.