Nashon Oluoch, Aliyebadilisha Spea Kabla Hazijaharibika

Nashon Oluoch alizaliwa tarehe 14 Agosti 1981, hapa hapa tulipokusanyika Rachuonyo, Kaunti ya Homa Bay, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Oluoch na Mama Aluoch. Mimi, Awiti, ndiye niliyemfuata, na ndiyo maana nimepewa wasifu huu niusome. Mnaonijua mnajua siwezi kumpaka mtu mafuta, hata akiwa ndugu yangu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na kumaliza sekondari mwaka 1999. Baadaye alikwenda Nairobi, akakaa kwa mjomba wetu Laini Saba, Kibera, akisomea umekanika. Mwaka 2003 aliajiriwa katika karakana ya ndege ndogo huko uwanja wa ndege wa Wilson. Huko ndiko alikopata dini yake ya pili: spea ya ndege haingojwi iharibike. Hubadilishwa ikiwa bado inafanya kazi, kwa sababu angani hakuna mahali pa kuegesha ukafungua boneti.

Hata mke alimpata kwa imani hiyo. Mutanu, msichana wa Kitui, alikuwa fundi wa nguo kando ya reli. Nashon akampelekea ovaroli.

"Lakini hii zipu iko sawa," Mutanu akamwambia.

"Najua. Nataka uitoe kabla haijaharibika."

Wifi yangu anasema alijiuliza kama huyu ni mwendawazimu au anatafuta mke. Alikuwa yote mawili. Walifunga ndoa kanisani tarehe 13 Desemba 2008, wakahamia Kabiro, Kawangware, chumba cha ghorofa ya tatu. Mungu akawapa Whitney na Jeremy.

Tarehe 6 Juni 2017 Nashon alianguka kazini. Mpira wa mguu wa ngazi yake ulikuwa umelika. Yeye mwenyewe alikuwa ameuona asubuhi, akasema ataubadilisha kesho. Ngazi iliteleza, uti wa mgongo ukavunjika, na miguu yake haikusimama tena.

Ngazi za ploti yao, lile jengo la vyumba vya kupanga, ni nyembamba. Kiti cha magurudumu kilibaki chini kwa kea teka, mtunza jengo, naye akabaki juu. Majirani walijitolea kumbeba, akakataa. Alisema hatateremshwa kama gunia la viazi mbele ya watoto wake. Dirisha lake liliangalia ukuta wa ploti ya pili, ukuta mtupu, na ndiye mwenzake aliyekuwa akimwona kila alipoamka.

Collins, kaka yake Mutanu, ndiye aliyemletea kompyuta yenye mchezo wa kuendesha ndege. Si mchezo wa kitoto. Ndege ile hukumbuka kila safari: plagi huchafuka, oili huzeeka, tairi hulika, na usipobadilisha, injini hukuzimikia hewani. Nashon akapata karakana tena. Aliruka kutoka Wilson, akazunguka Ngong, akarudi Wilson, akabadilisha spea. Nia yake, aliyomwambia kila mtu, ilikuwa kuirusha ndege ile hadi Kisumu, karibu na nyumbani. Lakini kila alipojiandaa aliona kitu kimechakaa kidogo. Tangu ngazi ile, hakuamini tena kitu kilichochakaa kidogo.

Mutanu alichoka. "Ndege ya kompyuta inapata tairi mpya, na Jeremy anavaa kiatu imetoboka!" Whitney naye alikuwa akimwambia, "Dadi, si uende tu? Hiyo ni game." Naye alikuwa akijibu, "Ngoja nitengeneze hii kwanza."

Ndilo jibu alilompa Mama pia. Mama alipiga simu kila Jumapili akimwomba aje aonyeshe mahali pa kujengewa nyumba yake. "Ngoja nijitengeneze kwanza, Mama. Nitakuja nikiwa nimesimama." Mama akangoja. Miaka ikapita, Nashon akazunguka Ngong na kurudi. Nilimkasirikia sana, na leo bado nimekasirika.

Mwaka huu alianza kupata homa kutokana na vidonda vya mgongoni. Jumapili, tarehe 2 Machi 2025, alimwita Whitney aketi naye. Tairi la kushoto la ndege lilionyesha limelika. Whitney akataka kulibadilisha.

"Wacha," Nashon akasema. "Itafika hivyo hivyo."

Akaruka. Akaipita Ngong, akalivuka Bonde la Ufa, akatua Kisumu. Tairi lilishika. Whitney anasema baba yake alilia, kisha akampigia Mama: "Nakuja Pasaka. Wacha wanibebe tu."

Tarehe 18 Machi homa ilimzidi. Kinyanjui na Mulei, majirani zake, walimteremsha ndani ya blanketi, na safari hii hakukataa. Chini aliomba wasimame kidogo apate jua. Aliaga dunia hospitalini tarehe 23 Machi 2025, kabla ya Pasaka.

Kwa desturi yetu mwanamume hatolewi uani kwenda kaburini. Lazima atoke katika nyumba yake. Mabati ya nyumba yake mnayoyaona yaking'aa yamepigwa juzi. Jana jioni tulimwingiza humo. Mama aliingia, akamwekea mkono kifuani, akasema, "Si ungelala humu hata usiku mmoja ukinisikia nikikuita chai?"

Marehemu ameacha mama yake Mama Aluoch, mjane wake Mutanu, watoto wake Whitney na Jeremy, na mimi dada yake. Ndege yake bado imeegeshwa Kisumu na tairi lile lile lililolika. Whitney hataki mtu aliguse.

Lala katika amani ya Mungu, Nashon. Umefika nyumbani, na hapa hakuna cha kutengeneza kwanza.