Johana Kipkurui arap Mibei, Fundi wa Makoti ya Kijeshi

Waombolezaji wapendwa, kwa niaba ya familia ya arap Mibei, pokeeni historia ya Johana Kipkurui, ambayo mwenyewe alisomewa, isipokuwa mwisho wake, akiwa kitandani na kutukataza kuipaka sukari.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 hapa Roret, kifungua mimba wa mzee Mibei na mama Taprandich, akasoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, ambako hesabu zilimpiga chenga, lakini kaptura yoyote iliyopasuka darasani ilipelekwa kwake.

Mwaka wa 1968 alijifunza cherehani mjini Kericho, na tarehe 2 Februari 1971 akaajiriwa fundi raia katika kambi moja ya jeshi upande wa Nakuru, akashona sare za wanajeshi hadi 1985, kazi aliyojivunia kuliko kitu kingine chochote maishani.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa kanisani na Janeffer Chepngeno, wakabarikiwa watoto watatu, Kipkirui, Chepkosgei na Nelvine.

Mwaka wa 1986 alifungua duka lake hapa sokoni, akawashonea wanaume wa mashamba ya chai makoti ya khaki nzito yaliyokatwa kijeshi, yenye mifuko minne, mkanda kiunoni, na vipande vya mabegani vilivyofungwa kwa kifungo cha shaba, yote ya rangi ya kahawia, maana raia akivaa kijani cha jeshi hulala kituoni, na watu wakamwita Kanali, naye hakuwakataza.

Kisha, mwezi wa Mei 1993, akatokea Bosire wa Chepilat, fundi ambaye hajawahi kukanyaga lango la kambi, akiwa na koti la mkato uleule, ila la kitambaa kipya cha viwanda vya ng'ambo, chepesi, chenye utando ndani unaozuia mvua isiingie na kuacha jasho litoke. Wachuma chai walisema waziwazi kwamba khaki ya Johana ikilowa ni kama kubeba ndama, na kwamba kile kifungo cha shaba kinauma bega mkanda wa kikapu ukikikalia, ilhali Bosire ameshonea vipande vya mabegani bapa, bila kifungo. Marehemu aliwajibu, "Afisa habebi kikapu," akakataa kuondoa hata kifungo kimoja, na wateja wakaendelea kuvuka kwenda Chepilat, ambako Bosire sasa aliitwa Jenerali.

Wivu ulimshika vibaya, hatuwezi kuuficha, kwani siku za soko alikuwa akienda Chepilat akisingizia kutafuta mbuzi, akasimama mkabala na duka la Bosire mpaka jioni, akarudi nyumbani bila mbuzi na bila hamu ya chakula.

Aprili 1995 mwanawe Kipkirui, karani wa kituo cha majani chai, alinunua koti la Bosire, akawa analivulia kwa jirani kabla ya kuingia nyumbani, hadi baba yake alipoliona kwenye kamba ya nguo ya jirani huyo, akaliteremsha, akalifumua mshono kwa mshono kutafuta siri yake. Aliikuta, nayo ni utepe mwembamba uliobandikwa kwa pasi juu ya kila mshono kuziba matundu ya sindano, lakini alipolishona tena na kuliziba kwa gundi ya kubandikia tyubu za baiskeli, mvua ya kwanza ikamlowesha Kipkirui mgongo mzima. Kumwomba Bosire msaada hakuweza, basi akalifumua tena, akafungia vipande vyake kwenye droo.

Januari 1998 alianza kupata shida ya kumeza, madaktari wakagundua saratani ya umio, na mwezi wa Septemba, alipoona nguvu zimekwisha, alimtuma Kipkirui na vile vipande kwa "yule mtu". Tarehe 3 Oktoba Bosire alilileta koti mwenyewe, likiwa limeshonwa upya, na marehemu, bila hata kumkaribisha chai, aliagiza mkono wa koti ufungwe, ujazwe maji na uning'inizwe juu ya karai. Hakikudondoka hata kitone kimoja, naye akageukia ukutani mpaka mgeni alipoomba dua na kuondoka.

Aliaga dunia alfajiri ya tarehe 29 Oktoba 1998, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji na kutupasulia kuni, na mafundi wenzake wa Roret waliofunga maduka ili wawe nasi. Na kwako, fundi Bosire, uliyeketi hapo mbele, marehemu alituachia maneno haya baada ya wewe kutoka siku ile: "Huyo mtu ananishinda. Kutoka Kericho mpaka Bomet hakuna mwingine. Lakini mumwambie nikishafunikwa, sitaki kumwona akicheka."

Jeneza limeshafunikwa. Johana, pumzika kwa amani.