Kidonda Nilichokikalafati

Assalaamu alaykum, ndugu zangu wa Chula! Ahsanteni kwa kunisubiri baada ya swala. Nimesimama mbele yenu kwa miguu miwili, alhamdulillahi, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mnanijua, mimi ni fundi wa kalafati. Naziba nyufa za mashua kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, na kiburi changu kilikuwa kwamba chombo nilichokiziba mimi hakiingizi maji. Basi tezo yangu ya kuchongea mbao iliponikata mguu, nilifanya kazi niijuayo. Nilipasua kapsuli mbili za dawa zilizobaki kwa jirani, nikanyunyiza unga wake kidondani, nikashindilia pamba iliyolowa sifa. Nikaona kazi imekwisha.

Ndugu zangu, nilikuwa nimevifungia vijidudu ndani! Mke wangu Mwanaisha akasema, "Fundi, mguu wanuka." Nikamjibu ni sifa tu. Siku ya sita sikuweza kukanyaga, akanipakia mashuani hadi Kismayo bila kuniuliza.

Hospitalini muuguzi, Bi Rukia, mwenzetu wa Chovai, aliichomoa ile pamba akatikisa kichwa, akasema kwa lahaja yetu: "Mchu hazibwi kama chombo, Fundi." Dawa za kawaida zilishindwa. Daktari akasema imebaki sindano ya aina moja. Isiposaidia kwa siku tatu, mguu utakatwa chini ya goti. Nililia. Nitachuchumaaje chini ya mkuku wa mashua?

Nikamuuliza daktari hiyo sindano inafanyaje kazi. Akanieleza taratibu. Kijidudu kimezungukwa na utando mwembamba wa mafuta wenye chaji hasi. Dawa ni vipande vifupi vya protini vyenye chaji chanya; hata ngozi zetu na za vyura hutengeneza vya namna hiyo. Basi huvutana. Dawa hunata kwenye utando, hupenya katikati ya mafuta, utando ukafumuka, vya ndani vikavuja, kijidudu kikafa. Seli zetu kwa nje hazina chaji kama hiyo, kwa hiyo nyingi husalimika, ila figo zaweza kuumia. Ndiyo maana walinipima damu na mkojo kila siku.

Nilicheka kitandani! Umri wote naziba nyufa, na Mwenyezi Mungu ananiokoa kwa dawa ya kutoboa! Nikatubu kiburi changu palepale. Siku ya tatu uvimbe ulipungua. Nikamaliza sindano zote, hata nilipojiona mzima.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mwanaisha kwa ukaidi wake. Ndugu zangu, mtumainini Mola, na msiwafiche mguu wanaojua kuutibu.

Nina neno moja la mwisho. Leo hakuna mashua inayopakwa sifa hapa Chula, lakini wakati wa swala nimenusa harufu yake ikitoka safu ya pili. Sitamtaja mtu. Nitakaa hapa mlangoni, mashua iko tayari, na aliyekiziba kidonda chake anishike mkono twende Kismayo.