Machicha ya Dawa ya Huzuni

Asubuhi ile basi la mjini Chengdu, China, lilikuwa kimya, kwa hiyo sikuwa na budi kusikiliza. Bibi Luo, jirani yangu, alipakata mfuko wa maua na mizizi ya kuchemsha, dawa yake ya huzuni. Binti wa maabara aliyekaa kando yake alimwambia, "Bibi, sisi tunatafuta ni kitu gani hasa humo kinachoondoa huzuni. Tunawanywesha panya, kisha tunawatia majini. Dawa ikikubali, panya anaogelea zaidi kabla ya kukata tamaa."

"Mnawatosa majini, halafu mnashangaa wana huzuni?" Panya hawakuwepo kujitetea. "Na machicha mnamwaga wapi?"

"Tunayachoma."

"Ala! Machicha ya dawa humwagwa njiani, mpita njia ayakanyage, aondoke na ugonjwa. Tangu mzee wangu afariki namwaga kila nikichemsha. Nyie mnachoma, panya atapona vipi?"

"Hizo imani tu, Bibi. Ushahidi hakuna hata chembe."

Basi likasimama chuoni, binti akashuka akitikisa kichwa. Pale kituoni mtu alikuwa amemwaga machicha. Msomi wetu akayatazama, akapandisha suruali, akayaruka kama mtu anayeruka mtaro.