Hodi Tatu za Bi Mizizi

Ukifika Kisauni ukaulizia benchi la Swabra pale Mlaleo, hutakosa wa kukuelekeza. Benchi lenyewe ni mbao za paleti zilizopigiliwa misumari, limeegemea ukuta wa duka la vipuri vya pikipiki, na baada ya Alasiri halipatikani nafasi. Mwisho mmoja hukaa Swabra mwenyewe na karai lake la kaimati na dele lake la kahawa. Mwisho wa pili hukaa Jumaa, tarishi wa mahakama, ambaye kwa kubeba mafaili ya mawakili miaka na miaka ameshajiona mmoja wao, na watu wakachoka kubishana naye wakamwachia jina la Wakili. Katikati ni Maalim Ukasha wa chuo cha Kurani, mtu mpole mpaka hadithi imkolee. Ruwa, mchukuzi wa Kongowea anayeitwa Gunia, yeye hukalia ndoo iliyofudikizwa, kwa sababu benchi likimpokea yeye huwatema wengine.

Benchi hili lina ugonjwa wake. Mabenchi ya wenzao hucheza bao au drafti. Hili hucheza hadithi. Maalim husimulia, na kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi anayemsemea na kumwamulia. Mtu akitaka kuruka mto au kupigana na zimwi, hurushwa dadu ya nyuso ishirini, bahati ikaamua. Sanduku la mchezo lilitoka ndani ya robota la mitumba. Hakuna aliyelitaka, tajiri akampa Ruwa aliyelibeba. Basi ni Ruwa aliyeuleta mchezo Mlaleo. Mtu wake ni kizee, Bi Mizizi, mganga wa mitishamba, na Ruwa na mabega yake yale humsemea kwa sauti nyembamba, wala hapana anayecheka, maana hapana mtu wa benchi lile ambaye Bi Mizizi hajapata kumponya.

Jioni hiyo kulikuwa na jambo. Jumamosi ni tamasha la Shanzu, ambako wachezaji wa mchezo huu hukusanyika hotelini kutoka kila pembe, na kujiandikisha kwa simu kulikuwa kunafungwa Magharibi. Kwa pointi za tamasha la mwaka jana, Swabra na Wakili walikuwa wamepanda daraja la pili. Ruwa alikuwa bado la kwanza. Shanzu watu wa daraja moja huweza kuomba meza moja, lakini madaraja mawili hayakai pamoja hata kwa dawa. Ruwa alikuwa ameshakata shauri tangu asubuhi kwamba haendi. Kilichomshinda ni namna ya kulitoa.

— Mimi Jumamosi nina mzigo, — akasema mwishowe.

— Mzigo gani? — Swabra hakuinua uso karaini. — Jumamosi ya mwaka jana hukuwa na mzigo?

— Mwaka jana nilikwenda.

— Ulikwenda ukarudia mlangoni.

Wakacheka, na Ruwa akacheka nao, kwani kisa kile kilikuwa kimeshakuwa mali ya benchi. Mwaka jana hawakujua kwamba meza huombwa, wakatawanywa. Ruwa akaangukia watu asiowajua, na msimulizi wao kijana mwenye haraka, saa yake kaiweka mezani mbele ya macho. Hadithi ikawafikisha kwenye mlango wa pango la zimwi. Bi Mizizi akapiga hodi. Kimya, akasema msimulizi. Akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu. Hakuna anayejibu, msimulizi akasema, na akaitazama saa yake.

Sasa, kwa Maalim Ukasha kila mlango hupigwa hodi, wa mfalme na wa zimwi, na hodi ya tatu isipoitikiwa mtu hugeuka akaenda zake. Ndiyo adabu. Wala mezani kwa Maalim zimwi hajapata kukosa kuitika, hata akiwa na nia ya kukula. Ruwa akangoja kidogo, akasema, "Basi Bi Mizizi amerudi nyumbani kwake." Msimulizi akamwandika kuwa amejitoa. Wale wengine wakauvunja mlango, wakapigana, wakapata pointi zao, na Ruwa akakaa na soda yake mpaka kengele ya kumaliza mchezo ilipolia.

— Kisheria, — Wakili akaanza, na watu wakajiegemeza, maana Wakili akisema kisheria kahawa hupoa. — Kisheria kosa si la Ruwa. Kosa ni la zimwi. Mwenye nyumba akipigiwa hodi ana wajibu wa kuitika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hiyo yaingiaje hapo? — Swabra akamuuliza.

— Guu lilikuwa limevunjika. Ndiyo maana hakuja kufungua.

— Zimwi hana kosa, — Swabra akasema. — Kosa ni la viyoyozi. Ile sauti ya Bi Mizizi, kiyoyozi kikipuliza, itafika mlangoni? Mimi nilikalishwa chini ya kiyoyozi, wallahi msimulizi nilimsikia nusu. Nusu ya pili nilijizulia mwenyewe.

— Na ukapanda daraja, — Wakili akamkumbusha.

— Na nikapanda daraja.

Maalim akaweka kikombe chini.

— Mimi naona ni kengele. Hadithi na kengele wapi na wapi? Sisi ule mto tumeanza kuuvuka tangu Shaabani, na bado tumo majini twazungumza na mamba. Wao wataka safari, vita na kurudi nyumbani viishe baina ya Adhuhuri na Alasiri. Hata maharage hayakubali mambo hayo.

— Na mwajua kwa nini wanatutenganisha kwa madaraja? — Wakili akajisogeza mbele. — Mimi nimelichunguza. Mtu akikaa na wenzake huja na chupa yake ya kahawa. Akikaa na wageni huona haya, atanunua soda ili mikono iwe na kazi. Daraja ni biashara ya soda, basi.

— Si soda, ni dadu, — Swabra akasema. Dadu za Shanzu zimekula chumvi ya bahari, zimevimba upande mmoja. Watu wa benchi moja wakikaa pamoja watagundua.

— Chumvi haivimbishi plastiki, — Ruwa akasema.

— We wajuaje? — Swabra akamgeukia. Hukurusha hata mara moja. Ulirudi nyumbani.

Maalim alikuwa ametulia, na Maalim akitulia hivyo ujue kuna jambo linakuja.

— Mimi nina swali, — akasema taratibu. — Zimwi wa hadithi huitika hodi. Asiyeitika ni zimwi wa kweli. Sasa yule msimulizi, Ruwa, ulimwona miguu?

— Miguu?

— Miguu. Ilikuwa ni miguu, au kwato?

Ruwa akafikiri.

— Ilikuwa chini ya meza, Maalim.

— Ehe. Basi.

Wakili akatazama nyuma yake. Swabra akaepua kaimati na kusoma bismillahi kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

— Ya kwato tuyaache, — akasema. — Magharibi yaja na huyu bado hajaandikishwa. Tutampandishaje?

Hapo ndipo yalipoharibika. Wakili alisema dawa ni ndoa. Bi Mizizi aolewe na Jemadari Faraji, mtu wa Swabra, maana mke na mume hawatenganishwi, na akishakuwa mke wa daraja la pili naye amekuwa daraja la pili.

— Mimi nimuoe Bi Mizizi? — Swabra akauliza.

— Si wewe. Jemadari.

— Haiwezekani, — Maalim akakata. — Mume wa Bi Mizizi ameliwa na mamba juzijuzi tu katika hadithi, nanyi nyote mlikuwako. Eda haijaisha.

— Eda ya kwenye hadithi?

— Eda ni eda.

Basi, Swabra akasema, Jemadari atamtia kikongwe ndani ya mkoba wa farasi, avushwe kama mzigo. Ruwa akasema Bi Mizizi hatiwi mkobani. Wakili akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hivyo lazima Bi Mizizi apande.

— Apande vipi, na methali yasema ainame? — Swabra akauliza.

— Ainame kwanza. Ndiyo apate nguvu ya kuruka.

Ruwa alikuwa akiwasikiliza na moyo wake umejaa. Alifurahi kuona watu wazima watatu wanamgombania kikongwe ambaye hayuko. Lakini hakuwa anaogopa wageni, wala kiyoyozi, wala kwato. Aliogopa Jumapili. Aliogopa wenzake watarudi na kisa kipya, wakicheke hapa, na yeye akiwa juu ya ndoo yake acheke kwa kuchelewa, kama mtu aliyekuta sherehe imekwisha. Na mwakani wao daraja la tatu, na mwaka wa pili yake la nne, mpaka siku moja hata benchi hili likose cha kuzungumza naye.

— Nendeni tu, — akasema. — Mtakuja kunihadithia.

Swabra akazigeuza kaimati alizokwisha kuzigeuza.

Wakati wote huo alikuwa amesimama pale mwanamke mmoja na bakuli mkononi, akingoja kaimati. Ni Roseline, msusi, mtu wa bara, aliyehamia chumba cha juu ya duka wiki ile ile. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu watu wa benchi lile hawajui kusema polepole.

— Samahanini, — akasema. — Naweza kuuliza kitu?

— Uliza, mwanangu, — Maalim akamwambia.

— Huyu ako chini. Nyinyi mko juu.

— Naam, — Wakili akasema. — Umeielewa kesi.

— Sasa nyinyi hamwezi kushuka?

Wakili akafungua kinywa, akakifunga. Akakifungua tena, ikatoka nusu ya neno kisheria, kikafungwa. Swabra alikuwa na mwiko hewani na mafuta yanatona karaini. Maalim akatazama vidole vyake vya miguu kana kwamba ni mara yake ya kwanza kukutana navyo. Ruhusa ilikuwapo, kila mmoja aliijua. Shanzu mtu yeyote aweza kumweka kando mtu wake wa zamani na kuanza na mpya, daraja la kwanza. Ila hilo halikumjia yeyote pale. Jemadari Faraji ana ngao ya shaba na farasi mweupe aliyempata Shanzu. Mtu wa Wakili, mwizi aitwaye Chui, ana ufunguo unaofungua kufuli zote. Kitu kikishapatikana mkono hujifunga wenyewe, na jioni nzima walikuwa wakimvuta Ruwa kwa mkono ule ule uliofungwa.

Swabra akashika dele ili apate cha kufanya. Akalitikisa.

— Kahawa imekwisha, — akasema.

Kisha akajifuta mikono kwenye leso.

— Wakili, ile methali yako ya mvunguni, hebu irudie.

— Siikumbuki.

— Swabra, — Maalim akaita.

— Abee, Maalim.

— Waonaje?

— Naona Jemadari amechoka. Apumzike na farasi wake. Nipe karatasi mpya.

— Utakuwa nani?

— Mjukuu wa Bi Mizizi. Wa kumshikia kikapu, kizee yule macho yake si mazuri.

Ruwa akainamia kikombe chake kitupu. Machozi yalikuwa yamemjaa na akasingizia moshi wa karai, ingawa upepo ulikuwa unaupeleka moshi upande wa pili. Swabra alimwona, akajifanya anahesabu kaimati.

— Mimi kisheria siwezi kushuka, — Wakili akasema, akimtafuta kwa macho mtu wa kumbembeleza. Hakumpata. — Ila hakuna kifungu kinachomkataza mtu kuwa na pacha. Chui ana pacha wake. Hajapata kufika Shanzu. Daraja la kwanza kabisa.

— Naye ni mwizi?

— Mwaminifu. Ndiyo maana hatujawahi kumsikia.

Akatoa simu, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, akiyasoma majina kwa sauti ya karani wa mahakama: Bi Mizizi, mjukuu wake, pacha wa Chui, meza moja. Kisha akainua uso.

— Nafasi zingaliko.

Roseline alikuwa bado amesimama, bakuli limeshajaa.

— Mtu wa bara anaruhusiwa? — akauliza.

Ruwa akainuka. Akaipangusa ndoo kwa kiganja, akaisukuma mbele ya mgeni, naye akachuchumaa kando yake. Mwadhini alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti, na Wakili akaliandika jina la nne kwa haraka.

— Kwanza, — Ruwa akamwambia Roseline, kwa ile sauti nyembamba ya Bi Mizizi, — ukifika mlangoni, awe nani aliyemo ndani, piga hodi. Hodi tatu.

— Na asipojibu?

Maalim alikuwa ameshasimama kwenda msikitini, akasimama hapo hapo asikie mwanafunzi wake atajibu nini. Ruwa akawatazama mmoja mmoja, kisha akalitazama dele.

— Mwaka jana nilikuwa peke yangu, — akasema. — Mwaka huu asipojibu, tutakaa pale nje, sote, tuteleke kahawa. Harufu ikimfikia, atafungua mwenyewe.